"Juu ya jicho" ni on, over au above? Naomba msaada, nimeshaponza mtoto wa watu

Nesi_Bondeni aliandika:

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati ya kijijini mkoani Tanga, huu mwaka wa tisa. Naomba mwenye Kiingereza chake sawasawa anisaidie jambo ambalo limeninyima usingizi tangu Alhamisi.

Wiki iliyopita aliletwa mtoto wa miaka sita. Walikuwa wanacheza nyuma ya nyumba inayoezekwa, ncha ya bati ikampata usoni. Kidonda chenyewe kilikuwa juu kidogo ya unyusi wa kulia, kirefu kama kiungo cha kidole, kimeachama na damu haikomi. Jicho lilikuwa zima kabisa. Nilimnyooshea vidole, akavihesabu vyote bila kukosea. Nyuzi za kushonea zilikuwa zimetuishia, kwa hiyo nikasafisha, nikafunga bandeji, nikakaa kuandika barua ya rufaa. Barua zetu tunaandika kwa Kiingereza. Kichwani sentensi ilinijia kwa Kiswahili, "ana jeraha la kukatwa juu ya jicho la kulia", na mkono ukaandika: cut wound on the right eye.

Mama akapanda bodaboda na mwanawe saa tatu asubuhi. Walipofika mapokezi wakasoma on the right eye, wakawapeleka upande wa macho, kama ambavyo ningefanya mimi ningekuwa pale. Daktari wa macho alikuwa chumba cha upasuaji. Wakakaa kwenye benchi mpaka saa tisa alasiri. Alipotoka na kufungua bandeji akaona jicho halina kitu, akawaelekeza chumba cha vidonda, nako kukawa na foleni yake. Mtoto ameshonwa jua linazama. Alhamisi mama alirudi kwangu kubadilisha bandeji akanikabidhi karatasi ile ile. Neno on limezungushiwa duara la kalamu nyekundu, hakuna maelezo mengine. Mama hakunilaumu. Yeye alidhani hospitali kubwa ndivyo zilivyo, unakwenda asubuhi unarudi usiku. Mimi ndiye ninayejua kwamba mtoto alishinda na kidonda kwa sababu ya herufi zangu mbili.

Sasa nimekaa na kamusi. Nikifungua on, naona "juu ya". Over, "juu ya". Above, "juu ya". Nikigeukia upande wa pili, under ni "chini ya", below ni "chini ya", beneath nayo "chini ya". Shuleni tulifundishwa kitabu kiko juu ya meza na paka yuko chini ya meza, tukaishia hapo. Naomba mnieleweshe kwa mifano ya mwili wa binadamu. Jeraha likiwa juu ya jicho niandikeje? Na likiwa chini ya goti, ni under the knee au below the knee? Nimepekua daftari la wagonjwa, nimeandika yote mawili miaka yote hii bila kujua ninachagua nini.


Kona_Nyekundu alijibu:

Pole sana dada. Andika over. Mimi ni mtu wa ngumi, nimesikiliza watangazaji wa Uingereza na Marekani miaka mingi, bondia akipasuka unyusi wanasema a cut over his left eye. Hawasemi on. Kwa hiyo over the eye ndiyo yenyewe.


Mwalimu_Ujiji alijibu:

Binti yangu, pole kwa yaliyokukuta. Nilifundisha Kiingereza sekondari miaka 31, sasa nimestaafu, naishi Kigoma. Swali lako nililiona mchana nikaliacha mpaka nilipotulia, kwa sababu linastahili mtu aliyetulia.

Nianze na on, maana ndiyo iliyokuponza. Kamusi nyingi zinaifasiri "juu ya", na kwa kitabu na meza inakubali, basi mwanafunzi anabeba tafsiri hiyo maisha yake yote. Lakini on haina habari ya juu wala chini. On ni mguso. Kitu kimegusa uso wa kitu kingine na kimeshikilia hapo. Saa iliyotundikwa ukutani ni on the wall, na hakuna ukuta chini yake. Mjusi aliyejibandika darini, miguu juu mgongo chini, ni on the ceiling, ingawa yeye ndiye aliye chini ya dari. Vipele vilivyo kwenye nyayo ni on the sole, sehemu ya chini kabisa ya mtu. Kwa hiyo ulipoandika on the right eye, msomaji hakusoma "juu" hata chembe. Alisoma: jeraha limegusa jicho, lipo kwenye jicho lenyewe. Angekuwa mzembe kama asingempeleka mtoto kwa daktari wa macho.

Sasa above. Hii ni neno la ngazi. Unapotamka above unakuwa umesimamisha kipimo, kama mtu anayepandisha alama kwenye mlingoti, na unasema kitu hiki kimekaa alama za juu kuliko kile. Haijali kama vinagusana, haijali kama kimoja kiko wima juu ya kingine. Kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895 above sea level, na bahari yenyewe iko mamia ya kilomita upande wa mashariki. Maji hayako chini ya mlima. Ni kipimo tu. Kidonda cha mtoto wako kilikuwa kwenye uso, alama moja juu ya jicho. Hiyo ni above the right eye. Ningekuwa wewe ningesogea hatua moja zaidi nikaandika above the right eyebrow, kwa sababu unyusi ni mahali padogo kuliko jicho na hapakosewi.

Over ni neno la kufunika au kuvuka. Kanga uliyomfunika mtoto usiku ni over the child. Ndege inayotoka hapa Kigoma kwenda Dar es Salaam inapita over the hills, kwa sababu inakatiza kutoka upande huu kwenda upande ule. Bandeji uliyomfunga kama ingeziba jicho ungeandika a dressing over the eye. Unaona? Jeraha lilikuwa above, bandeji ingeweza kuwa over, na mdudu angetua angekuwa on. Kiswahili chetu kinasema "juu ya jicho" mara zote tatu.

Ndugu wa ngumi yuko sahihi kwamba watangazaji wanasema a cut over his left eye, na mwenye lugha hawezi kuambiwa amekosea. Vitu viwili vikiwa wima, kimoja karibu juu ya kingine, over na above huingiliana. Taa ya juu ya meza unaweza kuiita over the table au above the table na hakuna atakayekusahihisha. Lakini mtangazaji ana picha, kila mtu anaona damu inatoka wapi. Muuguzi ana karatasi peke yake. Ukiwa na karatasi peke yake chagua neno lenye maana moja.

Upande wa chini ni kioo cha upande wa juu. Below ni mwenzake above, under ni mwenzake over. Nitakupa ziwa letu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi above sea level, na kina chake kinafika mita 1,470. Piga hesabu: sakafu ya ziwa iko karibu mita 700 below sea level, hapa hapa katikati ya Afrika, mbali kabisa na bahari. Hilo ni neno la ngazi. Sasa meli yetu ya Liemba: Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikaanza tena safari mwaka 1927. Ilipokuwa imezama ilikuwa under water. Maji yalikuwa yameifunika. Babu yangu alikuwa kijana ilipoibuliwa, na alikuwa akisimulia kana kwamba mtu amefufuka.

Basi goti. Hapa ndipo penye jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa, na nililielewa nikiwa nimelala hospitalini na mguu uliovunjika. Mgonjwa akilala chali, "chini ya goti" kuna mahali pawili. Pako upande wa muundi, kuelekea kifundo. Na pako upande wa godoro, pale unapoweka mto. Kiingereza kinapatenganisha. Jeraha la kwenye muundi ni below the knee, hata mtu akilala, hata ukimning'iniza miguu juu, kwa sababu mwili unapimwa kama mtu aliyesimama, utosi juu na nyayo chini. Ngazi ya mwili haigeuki. Mto ni under the knee, kwa sababu under inafuata kinachobeba na kinachobebwa, upande wa ardhi. Mgonjwa akigeuka akalala kifudifudi, mto ule utakuwa mbele ya goti, kwenye kilegesambwa, na bado utaitwa under the knee. Jeraha la muundi litabaki below vile vile.

Na usikubali mtu akuambie Kiswahili kimepungukiwa. Kiswahili kinaitenga mipaka yake mahali pengine. Wewe ukisema "mguuni pana vipele" na "mguuni mna maumivu", umeshasema on the leg na in the leg bila kufikiri. Pa- imekaa juu ya ngozi, mu- imeingia ndani. Mwingereza anatumia neno tofauti mbele ya mguu, sisi tunabadilisha kichwa cha kitenzi. Tatizo ni kwamba siku hizi tunasema "kuna" kwa kila kitu, tumeziacha pana na mna zizeeke, halafu tunapohamia Kiingereza hatuna tena mahali pa kushika. Hili linaniuma, na wanafunzi wangu wanajua nilivyokuwa nalisemea.


Nesi_Bondeni aliandika:

Shikamoo mwalimu. Nimesoma jibu lako mara mbili, mara ya pili kwa sauti, nikiwa nimelala chali na mto chini ya goti. Nimeelewa. Na mfano wa mto ninao kila siku; mgonjwa wa mgongo tunamwekea mto under the knees, sijawahi kufikiri kwamba neno hilo lina kazi yake.

Ila naomba nisogeze swali. Kwenye namba inakuwaje? Watoto wa kliniki tunawaita under five, wa chini ya miaka mitano. Lakini kwenye utepe wa kupimia mkono, maelekezo ya mtoto mwenye utapiamlo mkali yameandikwa below 11.5 cm. Yote kwa Kiswahili ni "chini ya". Na presha tunasoma 140 over 90, wakati mgonjwa presha yake ikipanda wanaandika above 140. Hiyo over ya katikati ni ipi tena? Tisini imefunikwa na mia na arobaini?


Mwalimu_Ujiji alijibu:

Marahaba binti yangu.

Presha kwanza. Angalia unavyoiandika kwa mkono: 140 juu, mstari, 90 chini yake, kama sehemu ya hesabu. Over hapo inasoma picha ya karatasi, namba moja imekaa juu ya nyingine. Ninyi mnapomwambia mgonjwa "140 kwa 90" mmepata neno safi zaidi.

Kwa hesabu na umri Kiingereza kinapenda over na under: over sixty, under five, over a hundred patients. Kwa vitu vinavyosomwa kwenye kipimo chenye alama, kama joto, mwinuko, kiwango cha damu, utepe, kinapenda above na below. Ndiyo ngazi yetu ile ile. Utepe una alama, macho yako yanashuka mpaka kwenye nyekundu, hiyo ni below. Lakini kwenye namba ukuta huu ni wa udongo. Mtu akiandika under 11.5 hajamdhuru mtoto, namba inajitetea yenyewe. Kwenye mwili ndiko ulikotakiwa kuwa mkali.


Karani_Kilindini alijibu:

Salaam aleikum nyote. Mimi ni karani wa shehena hapa Mombasa, na mwalimu amenigusa kwa ile habari ya under. Bandarini neno hili ni la uhai na mauti. Kibao kinasema do not stand under the load. Winchi ikiwa imenyanyua kontena, mahali pabaya ni pale ambapo likikatika litakufunika. Mtu aliyesimama hatua arubaini pembeni naye yuko below the load kwa kipimo, maana kontena liko juu kuliko kichwa chake, lakini hayuko under. Tungeandika below kwenye kibao, bandari nzima ingebidi ihame. Mimi huwaambia vijana wapya kwa maneno haya: "Kivuli cha mzigo saa sita ya mchana, hapo usikanyage." Hiyo ndiyo under.

Na kwenye karatasi za shehena tunao mpaka mwengine. Kontena lililopangwa wazi juu ya sitaha ni on deck. Lililoshushwa tumboni mwa meli ni under deck, maana sitaha imelifunika na mvua na mawimbi hayalifikii. Tofauti hiyo ina pesa ndani yake, mwenye mali na mtu wa bima wote wawili wanaitazama. Lakini baharia akishuka ngazi kwenda kulala, anasema anakwenda below, ama below deck. Yeye anahesabu ngazi, shehena inahesabu paa. Sitaha ni ile ile moja.

Kuna na over the side. Mabaharia wakiteremshwa kwa kamba kupaka rangi ubavu wa meli, hiyo ni kazi ya over the side. Hawajafunika kitu, lakini wamevuka ukingo, wako ng'ambo yake. Mwalimu alisema kufunika au kuvuka, nami nashuhudia.

Jambo moja zaidi, kwa wanaoishi karibu na mito. Below the bridge kwa watu wa mtoni yaweza kuwa nusu maili kutoka darajani, upande maji yanakoelekea. Mashua iliyo under the bridge iko kwenye kivuli cha daraja. Mto ni ngazi iliyolala, maji yanashuka, kwa hiyo juu na chini yake hufuata mkondo.


Kona_Nyekundu aliandika:

Nimekubali kuhusu above, mwalimu. Hoja ya karatasi imenishika. Ila bado najiuliza: mbona nimeona ripoti za madaktari zenye over kila mstari? Ndugu yangu alipogongwa na gari waliandika tenderness over the left hip, yaani maumivu pakiguswa, na swelling over the ankle. Hakuna kilichofunikwa pale, na hakuna kilichovukwa.


Mie_wa_Pemba alijibu:

Hilo naweza kulijibu mie. Ni muuguzi, nipo Leeds, Uingereza, miaka kumi na moja, asili yangu Pemba.

Kufunika kupo, ila anayefunikwa ni kiungo cha ndani. Daktari akibonyeza tumbo na mgonjwa akaruka, mkono wa daktari haujaligusa ini. Umegusa ngozi inayolifunika. Ndiyo anaandika tenderness over the liver. Swelling over the ankle ni uvimbe kwenye nyama na ngozi zilizofunika mfupa wa kifundo. Akiandika in the ankle atakuwa anadai ameshaona ndani ya kiungo, na hajaona. Akiandika above the ankle atakuwa kapanda muundini. Kwa hivyo over ya hospitali ni neno la uaminifu: nasema nilipogusa, sisemi kilichomo ndani. Na ndio maana dada yangu, kwa jicho, over ingekuponza tena. Nesi wa huku akisoma swelling over the right eye anaelewa kope na ngozi yote iliyolifunika jicho.

Niongeze yaliyonitesa mie nilipofika. Kwetu wodi ni mahali pa kuingia, mtu yumo wodini. Huku wanasema on the ward. Siku ya mwanzo nilisema patients in the ward, wakanielewa, ila nikiwasikia wenyewe nikaona hakuna asemaye hivyo kazini. Chumba cha upasuaji ni in theatre. Mtu aliyelazwa ni in hospital, bila the, maana anasemewa hali yake, kalazwa. Mumewe aliyekuja kumtazama ni at the hospital. Yupo pahala pale, lakini hakulazwa. Wamarekani husema in the hospital hata kwa aliyelazwa, tunao wawili wodini kwetu na kila mmoja hubaki na lake.

Na kitanda. Bibi mmoja nilimwandikia ripoti ya usiku kuwa the patient was on the bed all night. Asubuhi mkuu wa zamu akaniuliza, kwa nini hukumfunika, alikuwa na baridi? In bed ni mtu kaingia ndani ya mashuka, kalala. On the bed ni kajilaza juu ya matandiko, au kakaa tu anasubiri dawa. Nilikuwa nimemfunika vizuri bibi yule, blanketi mbili, na ripoti yangu ilisema sikumfunika. Niliumia kama ulivyoumia wewe, kwa sababu kazi ilifanywa vizuri na karatasi ikaikana.

Kwa hivyo mie nina kitu kimoja tu cha kukushauri juu ya haya ya mwalimu. Ukiweza kutaja sehemu, taja sehemu, na kipimo. 2 cm above the lateral end of the right eyebrow, lateral ikiwa ni ncha ya upande wa nje. Hapo hata msomaji asiyejua Kiingereza vizuri, na huku wapo wengi tuliotoka kila pembe ya dunia, hapotei. Na mwisho wa barua andika kilicho kizima: eye not involved. Maneno matatu hayo yangempeleka mtoto moja kwa moja chumba cha kushonea.


Mwalimu_Ujiji alijibu:

Dada wa Pemba, "karatasi ikaikana" nimeiandika kwenye daftari langu. Maelezo yako ya over the liver sikuwa nayo, na nimefundisha neno hilo miaka 31. Nilikuwa nawaambia wanafunzi over ni blanketi na ndege, basi. Ahsante.


Nesi_Bondeni aliandika:

Narudi kuwashukuru wote. Shikamoo mwalimu, na dada wa Pemba, na karani, Mungu awabariki.

Kile kivuli cha saa sita nimekichukua mpaka kazini. Jana tumeletewa mkata mkonge, panga limemteleza likamkata muundi wa kushoto. Nilimlaza, nikamwekea mto under the knee, nikasafisha, nikaandika: cut wound on the left shin, 8 cm below the knee, bone not exposed. Nilipofika kwenye below kalamu ilisimama kidogo, nikamtazama alivyolala, nikamsimamisha kichwani mwangu utosi juu nyayo chini, ndipo nikaandika. Mwenzangu wa zamu aliniuliza naombea nini.

Nimeanza pia kusema pana na mna na wagonjwa. Mzee mmoja nilimwuliza, "Mzee, kifuani pana maumivu au mna maumivu?" Akajibu hapo hapo, "Mna, tena mbali, nyuma ya mfupa." Ningemwuliza "kuna" angesema kuna, tukaishia hapo. Nimemwandikia pain in the chest, behind the sternum, na hiyo behind amenipa yeye mwenyewe.

Na mtoto amekuja leo asubuhi kutolewa nyuzi. Zilikuwa nne. Alikaa kimya mpaka ya mwisho. Pamebaki mstari mwembamba, na unyusi utakapojaza hautaonekana sana. Kwenye kadi yake nimeandika: healed wound above the right eyebrow, right eye normal. Mama akaniuliza nimeandika nini, nikamsomea kwa Kiswahili, "kidonda kilichopona juu ya unyusi wa kulia, jicho la kulia zima". Akanyoosha kidole akamgusa mwanawe pale pale penyewe.